Nasaba Zetu na Daftari za Wageni

Mwanafunzi wa shule ya upili kule Endarasha akipewa na mwalimu wake kazi ya kuchora mti wa ukoo, huanza kwa kishindo na kuishia njiani. Baba na mama anawajua, babu na nyanya wa pande zote mbili anawajua, ijapokuwa mmoja wao anamjua kwa lakabu tu. Akifika kwa wazazi wa babu, kalamu husita. Humwendea mzazi, mzazi naye hujikuna kichwa, na karatasi hurudishwa shuleni ikiwa na viduara vitupu juu kabisa. Watu wazima nao hukutana na viduara hivyo hivyo wanapofuatilia shamba lililosalia kwa jina la marehemu, au wanapotaka tu kujua walitokana na nani. Wengi huenda katika ofisi ya msajili mjini Nyeri kuulizia cheti cha kuzaliwa cha mtu aliyezaliwa kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, wakaondoka wakinung'unika kwamba serikali imepoteza karatasi. Sibishi kwamba karatasi nyingi hupotea katika ofisi zetu. Ila hiyo waliyoiulizia haikupata kuandikwa.

Kila mwamba ngoma huvutia kwake, nami mwalimu wa isimu sijaepukana na methali hiyo. Dai langu ni kwamba anayetafuta habari za kuzaliwa, kuoana na kufa kwa wazee wake katika nyanda hizi za Mlima Kenya sharti asome majina kabla ya kusoma daftari. Karatasi zipo, tena nyingi kuliko watu wanavyodhani; lakini ziliandikwa na watu wengine, kwa haja zao, na aghalabu kwa masikio yasiyozoea Kikuyu. Asiyejua jinsi jina la babu yake lilivyosikika katika masikio hayo atalipita ukurasani bila kulitambua.

Kwanza tuiondoe dhana ya cheti. Usajili wa vizazi na vifo nchini Kenya ulianza mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya Wazungu, ukawafikia Waasia baadaye kidogo, na sheria iliyokuja kuwa msingi wa vyeti vyetu ilianza kutumika mwaka 1928. Mwafrika alisalia nje ya mlango. Ulazima wa kuandikisha mtoto aliyezaliwa au mtu aliyefariki ulipanuliwa kwa awamu kuanzia 1963, na mwaka 1971 ndipo ulipoenea nchi nzima. Kwa hiyo mzee aliyezaliwa Kieni mwaka 1945 akikuonyesha cheti chake, elewa kwamba yamkini kiliandikwa akiwa mtu mzima mwenye ndevu, kwa kukadiria. Ile tarehe 1 Januari iliyo kwenye vitambulisho vya wazee wengi haina maana kwamba wamama wa Nyeri walikuwa wakijifungua siku ya mwaka mpya; ni karani aliyehitaji kujaza nafasi. Ndoa nayo ilikuwa na njia mbili. Ndoa za Waafrika Wakristo zilitungiwa sheria mwaka 1904 na kwa hiyo zina vyeti na daftari. Ndoa ya kimila, iliyofungwa kwa mbuzi, pombe na baraka za wazee, haikudaiwa kuandikishwa serikalini hadi Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014. Kwa wazee wetu walio wengi, mashahidi ndio waliokuwa cheti.

Wala tusidhani kwamba hali hiyo iliwahusu wanyonge pekee. Rais wa kwanza wa jamhuri hii hakuijua tarehe yake ya kuzaliwa, na waandishi wa maisha yake hutofautiana kwa miaka kadhaa. Kinachojulikana ni kwamba alitahiriwa mwaka 1913, rika lake likaitwa Kihiu Mwiri, na akabatizwa katika misheni ya Waskoti kule Thogoto mwezi Agosti 1914. Kwa maneno mengine, miongoni mwa kumbukumbu za uhai wake zenye mwaka unaoaminika zimo jando na ubatizo: moja ilihifadhiwa kwa kinywa, nyingine kwa wino. Tena anayemtafuta Jomo Kenyatta katika daftari ya 1914 hatampata. Atampata Johnstone. Kabla ya hapo alikuwa Kamau, mwana wa Muigai, aliyelelewa na Ngengi baada ya kifo cha babaye. Jina la Kenyatta lilikuja baadaye, na Jomo likaja baadaye zaidi, alipochapisha kitabu chake mwaka 1938. Ikiwa mtu aliyeandikwa sana kuliko Mkenya mwingine yeyote ana majina manne au matano, seuze mkulima wa Gatarakwa.

Sasa tuyatazame majina yenyewe, maana ndani yake mna daftari kongwe kuliko zote. Wakikuyu hawampi mtoto jina kwa kupendezwa na mlio wake. Mwana wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama. Binti wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba, wa pili la nyanya mzaa mama. Wanaofuata hugawiwa majina ya ndugu za wazazi, upande huu kisha upande ule. Msomaji aliyewahi kuketi na kuyatafakari haya ataona tunda lake mara moja: ukipata orodha ya ndugu wa tumbo moja kwa mpangilio wa kuzaliwa, umepata majina ya babu na nyanya zao wote wanne bila kufungua kabati la ofisi yoyote. Pata orodha ya ndugu za nyanya yako, nawe umefika kwa watu waliozaliwa katika karne ya 19.

Mna mitego, hata hivyo. Mtoto aliyefariki akiwa mchanga huacha pengo katika orodha, na pengo hilo humpotosha mtafiti anayehesabu kutoka aliye hai wa kwanza. Nyumba ya mitala ni mtego mkubwa zaidi: kila mke humzalia mumewe mwana wa kwanza, na kila mmoja wa wana hao hubeba jina la babu yule yule, hata boma moja likawa na akina Kamau watatu wa baba mmoja. Nyumbani walitofautishwa kwa jina la mama au kwa lakabu. Karani wa serikali hakuandika lakabu. Aliandika jina la mtu, kisha herufi s/o, yaani mwana wa, kisha jina la baba. Wale watatu wakawa mtu mmoja katika karatasi, na nimeona familia zikigombania shamba kwa sababu hiyo. Tena majina ya kike ni machache mno. Yale ya mabinti wa Mumbi, akina Wanjiru, Wambui, Wangari, Wanjiku, Nyambura na wenzao, yameenea kila kijiji, hata katika siasa za Kenya Wanjiku akawa jina la raia wa kawaida asiye na sura. Anayekwenda kumtafuta Wanjiku bila jina la baba, la mume na la mahali, anatafuta tone katika mvua.

Jina la mahali lahitaji aya yake. Endarasha imeketi chini ya milima ya Nyandarua, upande wa Kieni, na kwa masikio yangu jina hilo si la Kikuyu. Kiambishi en- cha mwanzo chanukia Kimaasai, kama linavyonukia jina la Naro Moru upande wa pili wa uwanda. Wamaasai wa Laikipia waliondolewa katika nchi yao baada ya mkataba wa 1911, na uhamisho huo ukamalizika mwaka 1913. Mashamba ya walowezi yakatandazwa. Mnamo miaka ya 1960, baada ya mashamba mengi kununuliwa na kugawanywa, familia za Kikuyu zilimiminika Kieni kutoka Mathira, Tetu, Othaya, Mukurweini na kwingineko, pamoja na waliokuwa maskwota katika Bonde la Ufa. Neno hili ni la maana kwa mtafiti. Nyanya wa nyanya yako hakubatizwa Endarasha. Swali la kwanza la kumwuliza mzee si alizaliwa lini, bali watu wake walitoka mlima gani kabla ya kuja hapa. Hata jina la kike Nyokabi, ambalo maana yake ni wa Wamaasai, husimulia habari kama hiyo: mahali fulani nyuma huko, pengine nyuma sana, yupo mwanamke aliyekuja kutoka ng'ambo ya uwanda, na jina lake limekuwa likishuka kutoka kwa nyanya hadi kwa mjukuu tangu hapo.

Ukishajua mlima, utaijua misheni. Wamisionari wa Consolata kutoka Italia walisoma misa yao ya kwanza katika nchi ya Wakikuyu kule Tuthu mwezi Juni 1902, na baada ya muda si mrefu wakawa na makao yao makuu Nyeri. Waskoti wa Kipresbiteri waliweka kituo Tumutumu, upande wa Karatina, mnamo 1908. Kanisa Katoliki lina kanuni ambayo ni neema kwa mwanahistoria: kila parokia sharti iwe na daftari za ubatizo, za ndoa na za vifo, na yanayompata mbatizwa baadaye, kipaimara chake na ndoa yake, huongezwa pambizoni mwa ubatizo wake hata akiwa ameolewa mbali. Ukurasa mmoja, kwa hiyo, unaweza kukupa mwaka wa kuzaliwa, majina ya wazazi, jina la msimamizi, mahali pa ndoa na jina la mume. Msimamizi usimpuuze, maana mara nyingi alikuwa jamaa au jirani, na jirani wa 1925 ni mlango wa kuingilia mbari nyingine.

Hata hivyo, si kila mtu aliyekwenda misheni alibaki misheni. Mgogoro wa 1929 juu ya tohara ya wasichana uliwatoa maelfu katika makanisa ya Kiprotestanti, wakajenga shule na makanisa yao ya kujitegemea. Shule hizo zilifungwa wakati wa Hali ya Hatari, na kumbukumbu zake hazikupata kabati la kuzihifadhi. Basi ukiona familia ina watoto wawili katika daftari ya Tumutumu na wanne wasioonekana popote, tazama miaka yao kabla ya kumlaumu katibu wa parishi.

Nakuja sasa kwenye kiini, yaani tahajia. Kikuyu kina irabu saba, na alfabeti ya mashine ya chapa ya karani ina tano. Zile mbili za ziada, tunazoziandika leo kwa kuweka alama juu ya i na u, katika sikio la mgeni husikika kama e na o. Kenyatta mwenyewe, katika kitabu chake cha 1938, alimwandika Mogo wa Kebiro yule nabii ambaye leo tunamwandika Mugo wa Kibiru. Wote wawili ni sahihi kwa kadiri ya alfabeti zao, lakini kidole kinachoshuka katika faharasa hakijui hilo. Muriuki anaweza kuwa Morioki. Wanjiru anaweza kuwa Wanjiro.

Kisha pana kanuni ambayo wanaisimu huiita Kanuni ya Dahl. Kwa ufupi, sauti k ya kiambishi hugeuka g inapofuatwa na silabi inayoanza kwa k, t, ch au th. Ndiyo sababu watu wenyewe husema Gikuyu na Waswahili husema Kikuyu. Kiambishi cha udogo ka- kimebaki kama kilivyo katika Kamau, Kariuki na Karatina, lakini kimekuwa ga- katika Gakuru, Gacheru, Gatheru, na katika Gatarakwa, jirani ya Endarasha, iliyopata jina lake kwa mti wa mtarakwa. Karani aliyelelewa kwa lugha isiyo na kanuni hii aliweza kulirudisha jina kwenye k bila kujua anachokifanya. Wako watu wenye herufi G kinywani na K katika kipande, na mafaili yao yamelala katika kabati mbili tofauti.

Njia ya kurudi nayo ina mabadiliko yake. Kikuyu cha asili hakina s wala l, na jina la kigeni likipita kinywani mwa nyanya hutoka limevaa nguo nyingine: s huwa th, l huwa r, na Selina akawa Therina. Jina la Thogoto lenyewe ni Uskoti uliopita katika tanuri hiyo, s ikawa th, k ikawa g kwa sababu ya t inayofuata. Mtafiti atasikia Therina kwa mdomo wa mama yake, atakwenda parokiani na kutafuta herufi T, na Selina atamngoja katika S. Wamisionari wa Kikatoliki nao waliandika daftari zao kwa Kilatini, hivyo Yosefu atakuwa Josephus na Yohana atakuwa Joannes. Ushauri wangu kwa mwanafunzi ni wa kazi tu: kabla ya kuondoka nyumbani, liandike kila jina kwa tahajia zote ambazo sikio la mgeni lingeweza kuzizaa, na uyabebe yote.

Mfano bora wa mambo haya yote ni wa mwanamke mmoja wa Nyeri anayejulikana duniani kote. Wangari Maathai alizaliwa Ihithe mwaka 1940, binti wa kwanza baada ya wana wawili, akapewa jina la nyanya yake mzaa baba kama desturi ilivyotaka. Alibatizwa Miriam kwa Waprotestanti. Aliposoma kwa masista wa Kikatoliki pale Mathari akawa Mary Josephine, na kwa jina hilo akavuka bahari kwenda Marekani. Aliporudi alijirudishia Wangari Muta, jina lake na la babaye. Akaolewa na Mathai; ndoa ilipovunjika, na mume akataka jina lake lirudishwe, aliongeza a moja akawa Maathai. Sehemu ya utoto wake ilipita katika shamba la mlowezi karibu na Nakuru, ambako baba yake alikuwa akifanya kazi. Fikiri kwamba hakupata Tuzo ya Nobel mwaka 2004, kwamba alikuwa mwanamke wa kawaida aliyerudi kulima Tetu. Mjukuu wake angehitaji kutafuta majina manne, katika madhehebu mawili, na katika mikoa miwili, na irabu moja ingetosha kumpoteza.

Wanawake wana hasara nyingine ambayo wanaume hawana. Kipande, ile karatasi yenye alama za vidole iliyofungwa katika kikebe na kuvaliwa shingoni, kilipitishwa kisheria mwaka 1915 na kuanza kutumika mara baada ya vita, na kwa ubaya wake wote kiliandika jina la mwanamume, la baba yake, la chifu wake na la mwajiri wake. Kwa mwanahistoria wa ukoo karatasi hiyo ya udhalimu ni hazina, nami sioni haya kulisema. Mwanamke hakupewa. Kitambulisho cha taifa kilimfikia mwaka 1978, miaka 15 baada ya uhuru. Ukimkuta nyanya mkuu katika maandishi ya kabla ya hapo, huwa ni mke wa fulani au mama wa fulani. Ndiyo maana kwa upande wa wanawake daftari ya ubatizo na utaratibu wa majina ya wajukuu hushinda kabati zote za serikali.

Vifo ndiyo sehemu ngumu, na mji wa Nyeri unaonyesha ugumu huo waziwazi. Katika makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro amelala Baden-Powell, mwanzilishi wa Maskauti, aliyefariki tarehe 8 Januari 1941. Karibu naye yupo Jim Corbett, mwindaji wa simba-marara wa India, aliyefariki 19 Aprili 1955. Kule Mathari kuna kanisa la ukumbusho wa wanajeshi Waitalia, na kati yao Mtawala wa Aosta aliyefariki akiwa mateka mwezi Machi 1942. Majina na tarehe zimechongwa, mtalii huzisoma. Wakikuyu, kwa upande wao, hawakuwa na desturi ya kumzika kila maiti ardhini, na kabla ya misheni na amri za serikali wengi hawakuwa na kaburi. Hilo lilikuwa chaguo lao. Lakini vijana waliochukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi la Uingereza katika vita vya 1914 hadi 1918 hawakuchagua kufa bila majina. Sista Irene Stefani, aliyefariki Gikondi mwaka 1930 na kutangazwa mwenyeheri mjini Nyeri mwaka 2015, aliwahudumia na kuwabatiza wengi wao walipokuwa wakikata roho katika hospitali za wapagazi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hivyo, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Familia ya Nyeri yenye simulizi ya ndugu aliyekwenda kariakoo asirudi ina haki ya kuiandika simulizi hiyo kama kumbukumbu ya kifo, maana hakuna nyingine.

Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, iliongeza giza. Kuanzia 1954 zaidi ya watu milioni moja walihamishiwa katika vijiji vya lazima, na waliokufa humo kwa njaa na maradhi, wengi wao watoto na wazee, hawakuwa na msajili mlangoni. Serikali ya kikoloni iliwanyonga watu 1,090. Dedan Kimathi wa Tetu alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957 na kuzikwa humo humo gerezani; mjane wake, Mukami, alifariki Mei 2023 akiwa bado hajakabidhiwa masalia ya mumewe. Kule Endarasha neno hili halihitaji kuelezwa. Septemba 2024, moto ulipoteketeza bweni na kuwaua wanafunzi 21, wazazi walingoja vipimo vya vinasaba ili kila mtoto arudishiwe jina lake kabla ya kuzikwa. Waliongoja siku zile wanajua uzito wa jina kwenye cheti cha kifo kuliko mhadhiri yeyote.

Ipo hazina moja ambayo sielewi kwa nini walimu wetu hawaitumii. Gazeti Rasmi la Serikali limekuwa likichapishwa tangu 1899, na nakala zake nyingi sasa zasomeka bure katika intaneti. Humo hutangazwa maombi ya kurithi mali ya marehemu, pamoja na jina la marehemu, mahali alipoishi, tarehe aliyofariki na majina ya waombaji. Humo pia hutangazwa waliobadili majina yao kisheria. Nyuma ya kila tangazo la urithi lipo faili la mahakama, na katika faili lile huwamo barua ya chifu inayowataja wake, wana na mabinti wa marehemu. Sheria ya Urithi imetumika tangu Julai 1981, na mafaili hayo yamekuwa, bila mtu kukusudia, maktaba kubwa ya nasaba za Kenya. Yasomwe kwa tahadhari, hata hivyo. Barua ya chifu huandikwa kwa maneno ya mwenye kuiomba, na mwenye kuiomba mara nyingi ni mwana wa kiume anayewasahau dada zake walioolewa. Nimezoea kuifananisha orodha ya barua ile na orodha ya ubatizo ya nyumba hiyo hiyo. Mabinti hurudi mmoja mmoja.

Kwa walimu nina neno moja la tahadhari. Usimlazimishe mtoto kuusoma mti wa ukoo wake mbele ya darasa. Kwa miongo mingi sheria ilizuia jina la baba lisiandikwe katika cheti cha mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, isipokuwa kwa masharti, na mwaka 2016 ndipo Mahakama Kuu ilipokitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha katiba. Wamo darasani watoto wanaolijua pengo hilo vizuri. Mruhusu atafute ukoo wa nyanya aliyemlea. Utaratibu wa majina utamfikisha mbali vilevile.

Kazi yenyewe ianze likizo hii, maana waliohamia Kieni wakiwa vijana katika miaka ya 1960 sasa wamepita miaka 80. Mwulize mzee kwa lugha yake, sio kwa Kiswahili cha shule wala Kiingereza. Usimwulize walizaliwa wangapi, kwa sababu wako wazee ambao kuhesabu watoto kwao ni mwiko. Mwombe awataje kuanzia kifungua mimba hadi kitinda mimba, pamoja na waliofariki, na katika kila jina umwulize lilikuwa la nani. Mwulize rika la baba yake na njaa ipi ilimkuta akiwa na umri wa kuchunga mbuzi: ile iliyokuja na Wazungu mwishoni mwa karne ya 19, au ile ya muhogo ya mwaka 1943. Mrekodi kwa simu, kwani matamshi yake ndiyo yatakayokuonyesha kama ni K au G, na kama ni e au i. Ndipo uende parokiani. Paroko mwenye shughuli nyingi atamfungulia kabati kijana anayejua mwaka wa kukadiria, jina la msimamizi na tahajia tatu za jina moja. Asiyejua ataambiwa arudi Jumatatu.